Shilingi Mbili za Kila Ijumaa

Wakati wa Mwingereza niliuza asali sokoni Tabora, nikidaiwa shilingi arobaini na mwenye duka aliyeishika baiskeli yangu rehani. "Masika yakiingia hujalipa, naiuza," alisema. Madebe ya asali nikawa nayabeba kichwani kutoka nyumbani Kwihara.

Mke wangu ndiye aliyeona tunapovuja. Kwetu asali hainunuliwi bila kuonjwa, nami nilikuwa naonjesha kwa kijiko. Mzee mmoja alikuwa ameonja miaka miwili na hajanunua hata chupa. "Huyo sasa ni mwanao," mke wangu alisema, "muandikie urithi." Nikaanza kuonjesha kwa njiti ya kiberiti. Masega niliyokuwa nikiyatupa baada ya kukamua tukayachemsha, tukauza nta.

Kila Ijumaa nikapeleka shilingi mbili. Ya kwanza mwenye duka alizisukuma kando. "Sipokei makombo. Lete zote."

"Shikamoo mzee. Hizi ni mbili," nilisema mbele ya wateja wake, nikazihesabu tena kwa sauti. "Kama pesa yenye kichwa cha Mfalme huitaki, waambie na hawa wasikupe."

Akazipokea.

Ijumaa ya ishirini, kabla ya mvua ya kwanza, akanitolea baiskeli. Magurudumu yote mawili hayakuwa na upepo.

"Pampu ninayo dukani," alisema kwa upole. "Chukua tu, utanilipa polepole."

Nikamshukuru, nikaikokota mpaka Kwihara.