Kilio Alichoninyima Mwalimu wa Kwaya

Mimi huimba roki, ile nzito ya magita yanayonguruma na koo linalotaka kupasuka. Nilianzia kwenye baa moja ya Malaba, mbele ya madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka. Walikuja kunicheka, wakabaki. Siku hizi naitwa hadi Kampala, na picha yangu imebandikwa kwenye ukuta wa soko la Busia.

Mwalimu wa kwaya wa kanisa letu kule Matayos hakulipenda koo hili. Alinifukuza kwayani nikiwa msichana, akatangaza mbele ya waumini kwamba sauti yangu ni ya shetani. Hilo nilimsamehe. La pili sijamsamehe, na simsamehe.

Kwetu, mtu akienda matangani huanza kulia tangu barabarani. Unaingia bomani ukimwita marehemu kwa sauti, na wenyeji wanajua kwamba mtu wao alikuwa mtu. Anayeingia kimya amemtukana aliyelala. Mama yangu alipofariki, nilirudi kutoka safarini, nikafungua kinywa pale langoni. Mwalimu akaja mbio na joho lake, akanishika mkono.

"Wewe, hapa si baa. Hiyo makelele yako itafukuza malaika. Nyamaza, kwaya ndio italia."

Wajomba zangu wakatazama chini. Mama akazikwa kwa nyimbo za puani, na mimi mwanawe nimefungwa mdomo. Nikasema moyoni, mwosha huoshwa.

Mwaka huu mama yake akafa. Nikavaa koti langu la ngozi na buti, nikaenda. Watu waliniona tangu mbali, wakapisha njia, wengine wakatoa simu wanirekodi. Mwalimu mwenyewe alikuwa langoni. Nikaingia kimya, nikampa mkono, nikaketi.

Akanifuata, akainama sikioni. "Dada, haki lia kidogo tu. Watu wanaangalia. Watasema mama hakuwa na watu."

"Mwalimu," nikamjibu, benchi zima likisikia, "mimi nikilia malaika watatoroka. Si uko na kwaya?"

Utamu wa maneno yale bado ninao mdomoni. Kwaya iliimba, tena vizuri, lakini watu waliendelea kutazama lango. Ikabidi alie mwenyewe. Alitoka hadi barabarani, akageuka, akaja akimwita mama yake. Ile sauti yake laini ya kanisani ikakatika mara moja, ikatoka nyingine yenye mikwaruzo, kubwa, mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Hakuna aliyemshika mkono. Wanawake walilia naye, na hata mimi nywele zilinisimama.

Nilikwenda kumwaibisha, kumbe nimempa kile alichoninyima. Mama yake ameliliwa na mwanawe. Wangu bado.