Ukuta wa Udongo Ndani ya Kioo

Binti yangu ni muuguzi katika mji mdogo wa kale huko Ujerumani. Nilipomtembelea tulipanga kuuzunguka mji pamoja siku yake ya mapumziko, lakini asubuhi hiyo akaitwa kazini kushika zamu ya mwenzake aliyeugua.

"Mama, si lazima uende peke yako. Tutaenda siku nyingine."

"Nimetoka Nakuru mpaka huku nije kukaa ndani ya nyumba?"

Akacheka, akanipa ramani. Mstari mwekundu ulioonyeshwa pale, akasema, umepakwa pia juu ya mawe ya barabara. Nikiufuata nitapita kila jengo la maana, kisha nitarudi pale nilipoanzia. "Ukikwama, nipigie."

Nikavaa koti lake zito, nikatoka.

Mwanzoni nilitembea nikikodolea macho ule mstari, hadi nikagundua sijauona mji wenyewe. Nikainua kichwa. Mbele yangu kulikuwa na lango la mawe, na nyuma yake kanisa lenye mnara mwembamba. Nyumba za ghorofa ziliinamiana juu ya kichochoro, boriti zake nyeusi zimepishana, na kati ya boriti kumepakwa chokaa. Watalii walikuwa wakizipiga picha. Nami nikapiga, niwatumie kina mama wa chama chetu kule Kiamunyi, mtaani kwetu Nakuru.

Moja ya nyumba hizo ilikuwa makumbusho. Ndani, sehemu ya ukuta ilikuwa imeachwa bila chokaa, ikafunikwa kwa kioo na kumulikwa taa. Nikasogea karibu. Niliona fito zilizosukwa, na udongo uliochanganywa na majani makavu. Mahali fulani vidole vya mtu vilikuwa vimeacha alama.

Nilicheka kwa sauti. Huo ulikuwa ukuta wa nyanya yangu, upande wa Kariandusi! Nikiwa mtoto niliukanyaga udongo kama huo kwa miguu, naye akiushindilia katikati ya fito kwa viganja vyake. Tulipohamia mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, watoto wenzangu waliziita nyumba za namna hiyo nyumba za maskini. Hapa watu walikuwa wakizitazama wakiwa wamekunja mikono nyuma, kama wako kanisani.

Mama mmoja mzee aliyesimamia mlango alikuja akijikongoja kwa mkongojo, akitaka kujua kinachonichekesha. Kijerumani changu ni kile nilichodaka jikoni kwetu, binti yangu akirudia masomo yake kwa sauti huku mimi nikikata sukuma wiki. Nikamsalimu, nikaonyesha ukuta. "Oma," nikasema, yaani nyanya. "Oma. Kenya."

"Kenya?" Akaonyesha upande wa hospitali anakofanya kazi binti yangu, kisha akajigusa nyonga.

Sikuelewa. Nikampigia binti yangu, nikamkuta anakunywa chai, nikaweka simu kwa sauti kubwa. Yule mama aliposikia tu sauti yake, akapiga kelele ya furaha.

"Mama, namjua!" binti yangu akasema. "Alivunjika nyonga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamisha kila asubuhi hadi akaweza kutembea tena."

"Basi mwambie nyanya yangu alijenga ukuta kama huu."

Akaanza kumweleza. Wageni wengine wakasogea, wakasimama kuizunguka simu mkononi mwangu. Sikuelewa maneno, ila niliujua mtiririko wa ile sauti, jinsi anavyoishusha kabla ya jambo la kuchekesha. Kila alipocheka, nao wakacheka. Mtoto wangu, niliyemzaa Nakuru, alikuwa akiwasimulia watu wa mji ule juu ya nyumba ya kwao, na wao wametulia wanasikiliza.

"Anauliza mliweka nini ili usipasuke," akaniambia.

"Samadi ya ng'ombe."

Alipotafsiri, yule mama akapiga makofi. "Hata wao, Mama! Hata wao!"

Nilisimama wima ndani ya lile koti la kuazima, nikamshika mkono yule mama, tukautazama ukuta wetu.

Baadaye nilimaliza mzunguko wote polepole, hadi kwenye daraja la mawe juu ya mto, pale nilipoanzia. Hapo vijana wawili wenye ramani iliyokunjwa vibaya wakaniuliza jambo. Nikatambua neno moja tu, makumbusho. Nikawageuza kwa mabega, nikawaonyesha njia.