Mtoto wa Sura ya Tisa

Mwalimu mkuu alirudi kutoka Karatu kwa baiskeli akiwa na barua za shule, akanikabidhi bahasha yangu nikiwa bado nimeshika chaki. Niliipima mkononi, nikajua kuna jambo haliko sawa. Miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam madaftari tisa, yote yamejaa mwandiko wangu. Bahasha hii haikuwa na uzito wa hata daftari moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi huko Endamarariek, sijaolewa, naishi na mama yangu katika nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kila kitu kilikuwa adimu. Nguo tulifulia majivu. Chai tulitia chumvi pale sukari ilipokosekana. Watoto walifuta maandishi ya penseli kwenye daftari lililojaa ili waandike tena juu yake. Ndiyo maana sikupenda kuulizwa madaftari yale tisa niliyatoa wapi. Matatu nilinunua. Mengine yalikuwa ya wanafunzi waliohama. Nilichana kurasa zilizotumika nikabaki na zilizo safi. Nakala sikuwa nayo. Kaboni haikupatikana, na hata ingepatikana, nani angenipa karatasi za kuandika jambo moja mara mbili?

Nilisoma barua nikiwa nimeegemea ukuta wa darasa kwa nje.

"Ndugu Mwandishi," ilianza, kisha ikaniomba radhi. Ofisi yao ilikuwa imehamia jengo jingine, na tangu kuhama huko mswada wangu haujaonekana. Kwa bahati njema, msomaji wao alikuwa ameshauandikia maoni, nao walikuwa wananiletea maoni hayo, "ili yakufae utakapouandika upya."

Nililirudia neno hilo, upya, mpaka likapoteza maana. Darasani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele, nami sikuweza kuingia kuwanyamazisha.

Maoni yalikuwa ukurasa mmoja na nusu, yamepigwa chapa. Juu kulikuwa na kichwa cha Ubora, chini yake Udhaifu. Nimeyasoma mara nyingi kiasi kwamba hata leo nayajua kwa moyo.

Riwaya yenyewe ilikuwa hadithi ndefu ya nchi ambayo haipo. Nilibuni ufalme uliojificha ndani ya shimo la mlima, lenye ziwa lake na msitu wake, na malkia anayeamrisha ukungu upande na kushuka. Mtu aliyekulia nyanda zetu atajua kwamba sikubuni sana. Asubuhi za Juni ukungu huteremka kutoka kingo za kreta, lile shimo kubwa la mlima ulio juu yetu, ukafunika mashamba ya ngano mpaka usimwone ng'ombe uliyemshika kamba. Msomaji wa Dar alilipenda hilo. Aliandika kwamba nchi hiyo haipo lakini ameiamini, kwamba lugha ni nyepesi, na kwamba wanyama wangu wanaongea bila kuonekana wa kitoto. Lakini zaidi ya yote aliisifu sura ya tisa, pale watu waliofukuzwa katika ufalme wanapovuka mbuga ya vumbi na mifugo yao wakitafuta maji, na mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. "Sura hii peke yake," aliandika, "inaonyesha kwamba mwandishi huyu anaweza."

Udhaifu nao ulikuwa mwingi. Majina mengi mno, mengine hayatamkiki. Vita saba, na kufikia vita vya tatu msomaji hajali tena nani ameshinda. Shujaa haogopi wala hakosei, kwa hiyo hatumpendi. Maadui ni wabaya kwa sababu tu wana sura mbaya. Siri kubwa za ufalme zinatolewa kwa hotuba ndefu barazani badala ya kutokea mbele ya macho yetu. Yote hayo niliyakubali palepale, uso ukiniwaka. La mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Mwishoni mwa sura ya tisa, mtoto aliyekauka kwa kiu anajiwa na ndege aliyeumbwa kwa ukungu. Ndege anatua mdomoni mwake, anayeyuka na kuwa maji, na mtoto anazinduka. "Mwandishi ametufikisha penye kifo, kisha ameogopa," alisema msomaji. "Mtoto huyu alipaswa kufa."

Niliamua kuiandika upya. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilishindwa tu kukaa bila kuwa nayo. Miaka mitatu nilikuwa nimeamka na ufalme ule kichwani, nikipepeta mahindi nao, nikisahihisha madaftari nao. Nilianza kukusanya karatasi tena: migongo ya mitihani ya zamani, karatasi za kufungia mbegu. Nikaketi kila alasiri baada ya vipindi. Vita vyote saba vilirudi bila shida. Majina yote yalirudi. Hotuba za barazani zilikuja neno kwa neno. Kila alichokilaani msomaji kilikuwa bado kimekaa kichwani mwangu kama nilivyokiacha. Sura ya tisa haikuja.

Nilijaribu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliandika vumbi, nikaandika ng'ombe, nikaandika kiu. Yalikuwa maneno ya mtu ambaye hajawahi kukosa maji zaidi ya nusu siku. Nilichana. Kuchana karatasi miaka ile kulikuwa kama kumwaga uji mbele ya mwenye njaa, nami nilichana huku nalia. Mama akiniona aligeuza uso akajifanya anachochea moto.

Ukweli niliokuwa naukwepa ni kwamba sura ile haikuwa yangu. Miaka mitatu nyuma mama alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya misheni, nami nikamuuguza. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mfugaji kutoka Olbalbal, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko, na binti yake wa kama miaka mitatu. Mvua zilikuwa zimekosekana kwao, wakahama na mifugo kutafuta maji, siku sita, na mtoto akaugulia njiani. Mama yule alisimulia safari hiyo kwa siku tatu mfululizo, kwa Kiswahili cha mnadani kilichochanganyika na Kimaasai: punda aliyelala chini na kukataa kuamka, ndama aliyelamba jiwe, namna ulimi wa mtoto ulivyobadilika rangi. Nilisikiliza yote. Mama aliporuhusiwa tuliondoka, na mtoto tulimwacha bado anapumua. Nilipofika nyumbani niliandika yale niliyoyasikia, nikayavika taji na majina ya ajabu. Mwenyewe sikumwomba ruhusa. Nilimwongezea ndege tu.

Likizo ya Juni nilienda kumtafuta. Bwana mifugo mmoja, ndugu wa mwalimu mwenzangu, alikuwa anapanda na landrova kuchanja ng'ombe upande ule, akakubali kunichukua. Tulipita lango la hifadhi, tukapanda msituni kwenye baridi na matope, tukazunguka ukingo wa kreta, kisha tukaanza kushuka upande wa pili, na kila tulivyoshuka nchi ilizidi kukauka. Chini kabisa ilikuwa ni vumbi. Nilipomweleza habari za kovu na hospitali, bwana mifugo alisema analijua boma hilo.

Tulimkuta anakandika nyumba kwa samadi. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," aliitikia. Akanitazama. "Wewe ni mwalimu. Yule wa hospitali. Mama yako amepona?"

"Amepona, yeyo."

"Vizuri."

Bwana mifugo alienda kwenye zizi, tukabaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikamwambia kama yalivyokuwa: kwamba mimi huandika, kwamba niliandika kitabu cha nchi ambayo haipo, kwamba nilitia humo safari yake bila kumwambia, kwamba kitabu kimepotea na sasa siwezi kukiandika tena. "Nimekuja kukuomba unisimulie upya," nikasema. "Na unisamehe."

Hakuonyesha kukasirika. Aliendelea kupaka samadi ukutani kwa kiganja, taratibu. "Uliandika na mtoto?"

"Ndiyo."

"Akafika?"

Hapo ndipo nilipoangalia bomani. Kulikuwa na watoto wawili wakubwa kuliko ambavyo binti yule angekuwa sasa, na mchanga mmoja. Wa umri wake hakuwepo.

"Alifika," nikasema. "Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akaja ndege wa ukungu, kutoka kule juu, akatua mdomoni mwake, akayeyuka akawa maji. Akanywa. Halafu akalia anataka maziwa."

Mkono wake ulisimama ukutani. "Alilia?"

"Alilia kwa nguvu. Watu wote walisikia."

"Wa kwangu hakulia," alisema. "Siku nne baada ya nyinyi kuondoka, alinyamaza tu."

Kwa kuwa nilikuwa nimemficha mambo mara moja, sikutaka kumficha tena, nikamweleza habari za barua. Nilimwambia kuna mtu aliyesoma kitabu huko Dar, msomi, na kwamba aliisifu safari yake kuliko kitu kingine chochote. Lakini amesema ndege yule ni kosa. Amesema mtoto alipaswa kufa.

Aligeuka akaniangalia sawasawa kwa mara ya kwanza. "Akifa, yeye atapata nini?"

Nilifikiri niwezavyo. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa nimesoma maoni yale mara mia, nilijua kwa nini msomaji ameandika vile, na nilijua kwamba kwa namna fulani alikuwa na haki. Lakini pale mbele ya ukuta ule sikupata jibu hata moja.

"Basi nisimulie," nikamwomba tena. "Nitayaandika vizuri zaidi."

"Siwezi, mwalimu." Alichota samadi nyingine. "Siku zile nilikuwa nasema ili yeye asilale. Nilikuwa namwambia yeye: unakumbuka punda, unakumbuka ndama. Akisikia, anafungua macho. Wewe ulikuwa pembeni tu, ukasikia. Sasa nitamwambia nani?"

Alimaliza kipande kile cha ukuta. Baadaye alininawisha mikono, akanipa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa huku naona aibu ya kunywa. Landrova ilipowashwa alinifuata mpaka mlangoni mwa boma. "Ukiandika," alisema, "mwache anywe."

Niliandika kwa mwaka mmoja na nusu. Niliondoa vita vinne. Nilipunguza majina mpaka mama, ambaye hajui kusoma, akaweza kuyashika yote nikimsomea. Nilimpa shujaa woga, akakimbia vita vya kwanza, na nikashangaa kuona nimeanza kumpenda. Hotuba za barazani nilizitupa. Yote aliyoyasema msomaji niliyatii, isipokuwa lile la mwisho. Sura ya tisa niliiandika kwa kuungaunga, kwa vumbi nililoliona siku moja kupitia dirisha la gari na vipande vya maneno nilivyokumbuka. Naijua thamani yake. Haikuifikia ile iliyopotea hata nusu. Kwa hiyo nilikuwa nimesahihisha udhaifu karibu wote wa kitabu changu, na ubora wake mkuu nimeupoteza, na kosa moja nimelibakiza kwa makusudi. Kuna alasiri niliketi na rundo lile magotini nikajiuliza kama nimerukwa na akili.

Nilikipeleka hata hivyo. Safari hii nilikitia mkononi mwa dereva wa lori la vitunguu kutoka Mang'ola, mtu wa heshima aliyekuwa anateremka Dar kila mwezi, naye akakifikisha mpaka mlangoni mwa ofisi na kuniletea sahihi ya aliyepokea.

Majibu hayakuchelewa. Kifurushi kilirudi na dereva yuleyule, hakijafunguliwa, na juu yake karatasi ndogo. Walinishukuru. Walisema kwa sababu ya uhaba wa karatasi za kuchapia hawapokei kwa sasa riwaya yoyote, hasa zilizo ndefu. Vilivyopewa kipaumbele ni vitabu vya shule.

Nilifika nyumbani nacho, nikakiweka mezani. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliniangalia usoni akajua.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hawana karatasi."

Akafikiri kidogo, akaendelea kuchambua. "Basi si kosa lako, mwanangu."

Alitaka kunifariji, na nilimshukuru. Sikuweza kumweleza kwamba ningefurahi zaidi kama wangesema kosa ni langu. Kosa langu ningelishughulikia. Ningeamka kesho yake, ningepunguza, ningeongeza, ningefuta. Kwa karatasi zisizokuwepo sikuwa na la kufanya. Niliketi kwenye kigoda kando yake, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kumsaidia kutoa mawe.