Waliochota Mchanga wa Uwanja wa Gofu

Niliondoka Kikima nikiwa tayari nimekasirika. Mwenyekiti wa klabu yetu ya gofu, ile ndogo iliyoachwa na wazungu nje ya mji wa Kitui, alikuwa ametangaza kwamba uwanja umefungwa kwa sababu ya ukame. Ukame! Miaka ya sabini, tulipokuwa tukiishi Kitui, mimi na marehemu mume wangu tulicheza pale kila Jumapili baada ya kanisa, mvua inyeshe isinyeshe.

Asubuhi nilipata lifti kwenye lori la viazi hadi Mbumbuni, nikanywa chai, kisha nikapanda basi. Ni kweli mashamba yalikuwa yamekauka.

Alasiri nilifika. Jumba la klabu halikuwa na paa. Mabati yalikuwa yameng'olewa yote, na mbuzi walilala mahali tulipokuwa tukicheza dansi. Kilonzo, mtunza uwanja wa tangu zamani, alinitolea kiti.

"Mama Mwende, si ukame," alisema. "Ni malori ya mwenyekiti. Yanachota mchanga pale mtoni, kingo zinaanguka, uwanja unaisha. Mabati nayo ameezekea duka lake."

Nililala kwake. Nililala? Nilikesha nikisonya.

Kulipokucha lori lilikuja, mwenyekiti akiwa mbele kando ya dereva. Nilisimama katikati ya njia.

"Mama, toka hapo. Gofu ni mchezo wa wazungu," alisema. "Mchanga huu unajenga nyumba za Waafrika."

"Za Waafrika wangapi? Taja wawili, wewe usijihesabu."

Vijana wa kupakia, nyuma ya lori, waliangaliana.

"Kwani hapa si kwako?" mmoja akamuuliza. "Ulituambia ni shamba lako."

Walishuka, wakakataa kupakia. Lori likarudi tupu.

Nilikaa wiki nzima. Wanachama wa zamani walikuja mmoja mmoja, tukajaza mawe na kupanda makonge kwenye kingo. Tulipomfuata mwenyekiti dukani kwake, mabati yalirudishwa, si yote, na mengine yakiwa yametobolewa. Tuliezeka upande mmoja wa jumba, na jioni ya mwisho tukacheza mashimo matatu yaliyobaki.

Niliporudi Kikima, jirani yangu aliniuliza kama sasa hasira imeisha. Nikamwambia haijaisha, na nimejifunza kutoiharakisha. Ikiisha leo, kesho malori yatarudi.