Yule wa Bustanini Sikumwuliza Jina

Haya niliyaona asubuhi, jua limeshatoka, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Ninaanza hivyo kwa sababu nawajua watu. Ukisema uliona jambo usiku, wanakuuliza ulilewa nini. Ukisema uliliona asubuhi, wanakuuliza unatafuta nini. Sitafuti kitu. Nimechoka tu kulibeba peke yangu. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Bukavu, basi usitegemee maneno ya kupangwa. Ninanakili kutoka daftari ninaloandika kila jioni, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti ndani ya duka la simu, Greyville, hapa Durban. Wateja wengi ni watu wetu, Wakongo na Warundi wanaokwenda kupanga foleni ya karatasi za ukimbizi. Kazi hii ina adabu yake: humwulizi mtu jina. Wako waliofika na karatasi ya jina la mtu mwingine, kwa sababu ndiyo iliyopatikana njiani, na ukimwuliza mtu kama huyo anaitwa nani, utaona macho yake yanatafuta jibu kwanza. Kwa hiyo mimi nampa namba. Bahasha naiandika namba, naye namwita kwa namba. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja nikiona ni heshima. Lishike hilo, maana ndilo lililoniponza.

Msimu wa baridi uliopita Espérance alinipigia simu. Ni Mrundi, tulikuwa tunasali kanisa moja hapa Durban, na siku hizi anatunza nyumba ya shamba huko juu, upande wa Underberg, kwenye milima. Mwenye nyumba ni bibi wa kizungu ambaye kila mtu anamwita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Gogo ameugua, amehamia kwa binti yake huko Queensburgh, karibu na sisi, na ameshaambiwa hatarudi tena mlimani. Aliomba jambo moja tu: theluji ikianguka, mtu ampigie picha bustani yake, kona kwa kona, aione kwa mara ya mwisho. Redio ikatangaza theluji. Espérance akasema, njoo leo leo kabla barabara haijafungwa.

Nilikuwa nimesimama dukani siku sita mfululizo na miguu imevimba. Nilikwenda. Sitasema nilikwenda kwa wema mtupu. Na mimi nilitaka kuiona theluji, sikuwahi kuiona maishani.

Nililala kwake. Asubuhi theluji ilikuwa imeacha kuanguka na kila kitu kiko kimya, kimya cha mahali ambapo watu wote wameondoka. Espérance alipoona nilivyojifunga nguo alishikilia mlango kwa kucheka. "Dada, umevaa balo nzima ya mitumba," alisema. "Ukianguka utabingirika mpaka Durban." Akarudi jikoni kuwasha moto, nikatoka na kamera.

Nilipiga waridi, kila tumba limevaa kofia. Nilipiga kabichi, na bomba la maji lililozungushiwa gunia, na ukuta wa mawe. Chini ya mti wa peasi kulikuwa na benchi la mbao, theluji imelala juu yake nene kama godoro. Nikalipiga picha. Kamera yangu inaandika saa, kwa hiyo hili halihitaji kumbukumbu yangu: ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili. Kisha nikaenda upande wa pili kupiga kibanda cha kuku. Niliporudi, kwa sababu nilitaka benchi lile na jua, palikuwa na mtu amekaa.

Alivaa ovaroli ya bluu na mabuti ya mpira. Hakuwa na kofia wala glovu. "Bonjour, mama," alisema.

Niamini, nilifurahi. Mahali pale pana Kizulu, Kiingereza na kondoo, halafu unasikia salamu ya nyumbani! Nilimwitikia nikamwuliza ni wa wapi. Akasema wa Uvira. Nikamwambia mimi wa Bukavu.

"Aa, Bukavu," alisema. "Basi hii baridi iko ya kwenu."

Nikacheka, maana kwetu Bukavu ni baridi na kwao Uvira ni joto, na mvuke ukatoka kinywani mwangu kama sufuria. Kinywani mwake haukutoka mvuke. Hilo nimeliandika daftarini jioni ile ile, lakini sijui kama niliona pale pale au nilikumbuka baadaye. Tuseme sina hakika.

"Nipigeko photo moja," alisema. "Ya mama yangu."

Unajua nilifanya nini? Nilifanya kazi. Nikamwambia akae wima, ainue kidevu kidogo, mabega yawe sawa, masikio yote mawili yaonekane. Ndivyo ninavyomtazama binadamu yeyote akikaa mbele yangu. Kwenye kioo cha kamera alikuwepo. Hapo sina shaka, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu kidogo, nikamwambia ageuke liingie vizuri. Nikapiga mara tatu. Ukiniuliza sura yake leo, siwezi. Ninakumbuka sikio.

Nikamwuliza nitume kwa namba gani.

"Namba ilipotea zamani. Mama iko Uvira, anauzisha ndagala." Halafu akafuta theluji kwenye goti ingawa hapakuwa na theluji. "Umuambie asiniwekee tena sahani. Kila mangaribi ananiwekea sahani, anafunika, asubuhi anapatia majirani. Umuambie imetosha. Wafanye matanga."

Utasema, hapo si ungeshtuka? Sikushtuka. Wapo watu wetu wengi waliogombana na kwao, wanakwambia "mimi kwetu nimeshakufa", na kesho yake wako sokoni wananunua majani ya sombe ya kupika. Nilidhani ni wa namna hiyo. Swali lilinijia mpaka kwenye ulimi: unaitwa nani? Nikaiangalia ovaroli yake, nikafikiria karatasi zake, nikalimeza swali. Nikasema, "Sawa, papa. Nitakutafuta kupitia Espérance."

Alinitazama kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri halafu dirisha linafungwa mbele yake. "Haya," alisema. "Asante, mama."

Espérance akaniita kutoka jikoni, chai iko tayari. Niligeuka kumwitikia. Nilipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu.

Nyayo zangu zilifika pale niliposimama, zikaishia hapo. Kutoka hapo mpaka kwenye benchi theluji ilikuwa safi kama shuka, na nyuma ya benchi vilevile, mpaka ukutani. Lakini juu ya benchi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Niliigusa. Mbao ilikuwa kavu.

Espérance aliniambia hakuna mtu wa Uvira pale, wala hajawahi kumwona kwa mwaka mzima aliokaa. Kwanza alinitania kwamba baridi imeniingia kichwani. Aliponiona ninavyoshika kikombe, akaacha. Tukafungua kamera pamoja. Picha tatu: benchi, ukuta, mti wa peasi. Mtu hayupo. Ila kwenye picha ya saa moja na dakika kumi na mbili benchi lote limefunikwa, na kwenye hizi tatu lina ile nafasi kavu katikati, upana wa makalio ya mtu.

Nitasema yote kwa haki. Jua linayeyusha theluji. Mimi ile ilikuwa theluji yangu ya kwanza, sijui tabia zake. Nilikuwa na uchovu wa wiki nzima. Mtu mwenye elimu pengine ataeleza kila kitu, nami nitamsikiliza.

Barabara ilipofunguliwa nilipeleka picha Queensburgh. Gogo alikuwa kitandani, binti yake anamshikia tableti. Sikuwa nimewaambia neno, nakuapia. Alitazama waridi, akatabasamu. Kabichi, akauliza kama Espérance anawapa kuku majani ya nje. Alipofika kwenye benchi aliweka kidole juu ya ile nafasi.

"Amenifutia," alisema.

Binti yake akamwambia, Mummy, hilo ni jua tu. Gogo hakubishana. Alinieleza mimi, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa na mfanyakazi wa bustani, mtu kutoka Congo, aliyejenga ule ukuta wa mawe. Kila theluji ikianguka alitangulia kumfutia benchi, nafasi ya mtu mmoja, ili bibi akae na kikombe chake. Mwaka mmoja alipanda mlimani kutafuta kondoo wa jirani waliopotea, ukungu ukashuka, wakamkuta siku ya tatu, ameshakufa. Gogo alitafuta ndugu zake kwa jina lililokuwa kwenye karatasi. Akampata mwenye jina. Yuko hai, Johannesburg, karatasi aliiachia zamani mtu asiyemjua. Wakamzika kwa jina hilo hilo, kwa kuwa hawakuwa na lingine. Silitaji hapa, kwa sababu ni la mtu aliye hai.

"Alikaa kwangu miaka minane," Gogo alisema. "Sikumwuliza."

Mimi nilikuwa naye dakika kumi, yeye miaka minane. Lakini siwezi kumhukumu yule bibi. Yeye hakujua kuna jambo la kuuliza. Mimi nilijua, na nilikuwa wa kwao.

Kisha nikafanya ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa jema. Nilirekodi ujumbe wa sauti nikautuma kwa watu ninaowajua Uvira, ukazunguka makanisani: mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenye mtoto aliyekwenda Afrika Kusini akapotea, anayemwekea sahani. Nilitegemea atokee mmoja. Walitokea saba.

Saba, ndugu yangu. Wote wanauza ndagala, wote wana sahani iliyofunikwa. Nilizungumza nao mmoja mmoja kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za duka, na kila mmoja aliniuliza swali moja: alisema anaitwa nani? Nikabaki na sikio. Niliwauliza juu ya sikio bila kutaja ni lipi. Watano walisema hapana, nikasikia wanavyoshusha pumzi. Wawili walisema la kushoto.

Nifanye nini hapo? Nikimwambia mmoja aweke matanga, pengine anamlilia mtoto aliye hai, na siku akirudi atakuta ameshazikwa na mama yake mwenyewe. Nikinyamaza, yule wa bustanini anaendelea kuwekewa sahani aliyoomba isiwekwe. Niliwaambia wote wawili ukweli, kwamba sijui. Mmoja alinishukuru. Mwingine alisema, "Mwanangu, ulikuwa naye pale, ukamwuliza masikio?" Hakusema kwa hasira. Sahani zote mbili bado zinawekwa. Gogo amekwisha kufariki, kwa hiyo hata wa kuulizwa tena hayupo.

Nimerudi mlimani mara mbili baada ya theluji, nikakaa karibu na benchi mpaka vidole vikafa ganzi. Hakutokea. Mtu hupanga foleni mara ngapi kwenye dirisha lile lile?

Dukani sasa nauliza jina. Wengine wanakasirika, wengine wanatoka na kwenda kwa jirani, na mwenye duka ameshaninong'oneza kuhusu hilo. Nawaambia, sio la kwenye karatasi, sio la kuandika kwenye bahasha, niambie tu mdomoni ulivyoitwa kwenu. Wengine wananitazama muda mrefu, kisha wanalisema kwa sauti ndogo sana.

Wewe unayesoma, ukikutana na mtu wa kwenu ugenini, mahali popote, hata kama ana haraka, hata kama umechoka kama nilivyochoka mimi, mwulize jina, na jina la mama yake. Usiione ni heshima kunyamaza. Mimi langu, lile la kwetu, nimeliandika kwenye jalada la ndani la daftari hili, na la mama yangu chini yake. Wewe la kwako, huko uliko, nani analijua?