Ruhusa Ambayo Hakuambiwa

Wiki iliyopita nilikwenda kumrudishia binti yangu kitabu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama wa makamo, Mkenya kwa lafudhi yake, kitambulisho cha mwaka wa kwanza kikining'inia shingoni. Alikuwa akimsihi mkutubi asifunge mapema.

"Mtihani ni Jumatatu, dada, na nimebakiza kurasa arobaini."

Akaweka mezani kitabu kinene cha uuguzi na madaftari matatu. Mkutubi akafunua la kwanza, akafunua la pili, akavua miwani.

"Nyabo, mama yangu, hii yote umeandika na mkono?"

"Tangu muhula uanze."

"Lakini kitabu hii unaweza kwenda nayo nyumbani. Wiki mbili."

Mama akasugua sugu ya kalamu kidoleni. "Nani alipaswa kuniambia?"

"Tulisema siku ya kukaribisha wanafunzi."

"Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya kitambulisho."

Nyuma yangu watu walianza kuguna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatazama saa mara tano. Nikageukia ukuta, nikasoma matangazo: usile, usiongee, usiingie na begi. La kumruhusu mtu chochote sikuliona.

"Na kitu gani kingine naruhusiwa, na sijui?" mama akauliza.

Mkutubi akarudisha miwani usoni. Alizunguka meza, akamshika mkono, wakaelekea kwenye rafu za ndani. Foleni ikalalamika kwa sauti.

Mimi, niliyesoma chuo hicho miaka mitatu, nilitoka kwenye foleni nikawafuata.