Stesheni ya Baba Yake Bibi Hanae

Jamani, leo nimemliza bibi wa watu, na nilidhani namfurahisha.

Niko kwenye treni narudi nyumbani kwangu Mount Druitt, bado moyo mzito.

Pale nyumba ya wazee ninapofanya kazi, yupo Bibi Hanae, Mjapani. Kumbukumbu zimeanza kumpotea. Anachokikumbuka vizuri ni stesheni ndogo ya kijijini kwao, ambako baba yake alikuwa mkuu wa stesheni.

"Baba hupiga saluti kila treni ikipita," huniambia.

Basi leo baada ya chai nikaitafuta mtandaoni. Nikaipata, tena kwenye video! Nikamkimbilia na simu.

Kibanda cha mbao. Benchi moja. Nyasi mpaka kwenye reli.

Akaitazama mpaka mwisho. (Mimi bado natabasamu, mjinga mimi.)

"Baba yuko wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Siku hizi pale hakuna mfanyakazi, bibi. Abiria wanapanda na kushuka wenyewe."

"Baba hawezi kuiacha stesheni. Amekufa?"

Nikaizima simu, nikainamisha kichwa. Hapo akapata jibu lake.

Alilia kama mtu aliyepewa habari za msiba leo hii.

Nikafanya tunavyofanya kwetu penye msiba. Nikakaa naye, nikamshika mkono. "Pole sana, bibi. Nisimulie, baba alikuwaje?"

Akanisimulia mpaka chakula cha jioni.

Nilipokwenda kumuaga, video alishaisahau yote. Lakini machozi yalikuwa bado yanamtoka, na akaniuliza, "Mwanangu, hivi nalia nini?"

Nyie mngemjibuje?